Pezi la Mgongoni

Wifi yangu aliitwa Pezi kabla sijaanza kazi sokoni. Nani alimpa jina hilo hakuna anayekumbuka, ila sababu inajulikana: ni mwembamba, mabega yamemchongoka, na ukimgusa vibaya anakuchoma. Kaka yangu, mume wake, ni fundi viatu mpole asiyejua kumkatalia mtu. Pezi akisema chai haina sukari, kaka anaitikia kabla hajaonja. Mle nyumbani mwenye ubavu wa kumbishia ni mimi peke yangu. Kwa miaka yote tuliyosimama meza moja tukipara samaki, tumebishana mpaka wateja wapya wakadhani tunachukiana.

Nieleze kwanza habari ya pezi lenyewe, maana bila hiyo hofu yangu hamtaielewa. Vitabu vya shule vinasema pezi ni kiungo cha samaki cha kuogelea. Sawa, na kisu ni kipande cha chuma. Mzamiaji akitaja mapezi anafikiria yale ya mpira anayovaa miguuni. Mpishi analipenda la mkiani; likikaangwa likakauka, hulitafuna mwenyewe jikoni kabla sahani haijatoka. Mnunuzi mjanja huvuta la ubavuni kuona kama samaki amelala tangu jana. Sisi wa mezani, ukisema pezi, tunaona la mgongoni tu, lile lenye miiba iliyopangwa kama meno ya kitana.

Pezi hilo limeinamia mkiani. Ukilipapasa kutoka kichwani, linalala kwa adabu. Lakini magamba hayatoki mpaka upare kutoka mkiani kwenda kichwani, na hapo mkono unakutana na ncha zote. Ndiyo maana tunakata mapezi kwanza kwa mkasi mkubwa, halafu ndipo tunashika kisu. Mgeni wa kazi hufundishwa hilo kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Siku moja mpishi wa hoteli alileta beseni limejaa, akasema samaki wake wabaki na mapezi yote. Anataka wasimame vizuri kwenye sahani, wageni wapige picha. Nilimwambia Pezi avae glavu. Akacheka mpaka meza ya pili wakageuka.

"Glavu za nini, wifi? Mkono ukivishwa nguo unasinzia."

Na kweli, pale hakuna anayevaa. Kidole kitupu ndicho kinachojua kama gamba limebaki. Pezi alikuwa amefika katikati ya beseni nilipomsikia akivuta pumzi kwa meno. Akatumbukiza mkono kwenye ndoo ya barafu, akahesabu kimoyomoyo, akautoa, akaendelea. Hiyo ndiyo dawa yetu sote: umechomwa, barafu, umejikata, barafu. Mkono unakufa ganzi na kazi inakwenda. Ubaya wake ni kwamba mkono uliokufa ganzi hauwezi kukuambia kama ncha ya mwiba imekatikia ndani.

Wiki iliyofuata, asubuhi, alikuja kazini amevaa glavu.

Nilicheka kwanza. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumchokoza. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu niliona jinsi anavyoshika kisu: kidole cha shahada, kile ambacho siku zote hulala juu ya mgongo wa kisu, kilikuwa kimenyooka pembeni, hakigusi kitu.

Kwenye kona ya soko letu kuna meza ambayo hakuna anayeitaka. Ilikuwa ya mama mmoja mnene, mcheshi, aliyechomwa na pezi akafunga kitambaa akasema ni kitu kidogo. Aliendelea kusema ni kitu kidogo mpaka siku alipolazwa. Tulimzika wiki hiyohiyo. Nilipoiona ile glavu, nilikumbuka kitambaa chake.

"Vua," nikamwambia.

"Sivui. Fanya kazi yako."

"Pezi, vua nione."

"Nimesema sivui! Wewe ni wifi yangu au ni mama yangu?"

Nilimkamata kifundo cha mkono nikaivuta glavu. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kutoka kwake. Kidole kilikuwa kimevimba, kimeng'aa, rangi ya biringanya. Na kutoka kwenye kiganja kulikuwa na mstari mwekundu unaopanda mkono kuelekea kwenye kiwiko, mwembamba, umenyooka. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria.

"Usimwambie kaka yako," alisema, meno yakigongana. "Nitakanda na maji ya chumvi."

"Sikio la kufa halisikii dawa," nilimjibu kwa hasira.

Neno "kufa" lilipotoka mdomoni nilitamani kulimeza. Sote wawili tuliitazama ile meza ya kona. Kisha akaacha kubishana, na hilo liliniogopesha kuliko mkono wenyewe. Pezi haachi kubishana.

Tulikodi gari, tukampitia kaka kibandani kwake, akaja na gundi ya viatu bado vidoleni. Hospitalini tuliketi kwenye benchi la ukutani. Pezi alikuwa katikati yetu akitetemeka, ingawa jua lilikuwa kali na watu wote walikuwa wakijipepea. Kaka alipokwenda kuuliza foleni, Pezi alinishika ukosi wa gauni akanivuta karibu.

"Wifi, niahidi. Wakisema wakate, usikubali. Bila kidole hiki mimi nitashika nini? Niahidi."

"Nakuahidi," nikasema. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Daktari alikuwa mama mtulivu, sauti yake ya chini. Aliutazama mkono, akautazama ule mstari mwekundu, ambao sasa ulikuwa umevuka kiwiko. Akatuita pembeni. Alisema mwiba umo ndani na nyama ya kidole imeshakufa. Wakikiacha, sumu itapanda, na kesho hatutazungumza tena habari ya kidole.

"Mwenyewe homa imempanda, hajui anachosema," alimwambia kaka. "Wewe ni mume wake. Tukate?"

Kaka alifungua mdomo. "Mke wangu atasema..." akaanza, kisha akaufunga. Machozi yalimtoka kama mtoto. Akanigeukia mimi.

Kwenye kitanda cha magurudumu Pezi alikuwa akiidai dari mkasi wake. Niliogopa. Niliogopa kumzika, na niliogopa aamke anitazame.

"Kata," nikasema. "Kata, daktari. Aamke tu, hata akinichukia."

Wakamsukuma ndani na mlango ukafungwa. Sikumbuki tulizungumza nini mimi na kaka pale nje. Nakumbuka kila mlango ulipofunguliwa nilisimama, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Alipoamka wodini, mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji mpaka juu ya kiwiko. Aliuangalia. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Wamekata?"

"Wamekata."

"Nani kasema wakate?"

Kaka aliinamisha kichwa, akawa anakwangua gundi kwenye kucha. Niliona hakuna pa kukimbilia.

"Mimi."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi, wifi."

Alinitazama mpaka nikaanza kulia. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akautafuta wangu juu ya shuka, akaukamata kwa nguvu. Ulikuwa wa baridi, na haukutaka kuniachia. Ndipo nilipojua kwamba siku ile yote alikuwa na hofu kuliko mimi.

"Ningetaka kweli wasikate," alisema, "ningemwomba kaka yako. Yeye hajawahi kunikatalia."