Fundi Asiyelia

Fundi huyu wa cherehani hapandishi sauti. Uzi huukata kwa mkasi, kamwe si kwa meno, na mteja akimjia juu kwa gauni lililombana, hujibu tu, "Tutalilegeza, dada," kisha hukunja kitambaa pembe kwa pembe mpaka hasira za mwenzake ziishe. Mama yake, mjane, hupenda kukaa pale dukani asikie binti yake akisifiwa, maana malezi ni yake. Mtoto wa nyumba yao halii mbele ya wageni. Akiwa na miaka minne tu, binti huyo alishika peremende kiganjani mpaka wageni walipoaga. Ikayeyuka yote, naye hakuilamba.

Jana bibi harusi mmoja alikuwa akieleza mikono ya gauni lake, mara cherehani ikanyamaza. Sindano ilikuwa imepenya ukucha wa fundi na kutokea upande wa pili. Alizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, sindano ikapanda. "Endelea, dada, nakusikiliza," alisema, huku akisogeza kitambaa cheupe kisiingie damu.

Mama alisimama. "Mwanangu! Hata kelele hupigi?"

"Mama," binti alinong'ona kwa tabasamu, "kuna mgeni."

Hapo mjane yule, ambaye hata kwenye msiba wa mumewe hakutoa sauti, alipiga ukelele uliowasimamisha wapita njia. Fundi akainuka, kidole kinachuruzika damu, akaenda kufunga mlango.