Mguu Wangu Ulipopewa Rufaa ya Njombe

Kilichonitoa nyumbani Kitandililo ni gogo la paini. Lilichomoka kwenye lori tukiwa tunapakia, saa mbili asubuhi, likanikandamiza mguu wa kulia chini ya goti. Mfupa ulitoka nje, nikauona kwa macho yangu. Lori ni langu, shamba ni langu, na kosa la kusimama pale ni langu. Shule niliacha darasa la pili, lakini kusingizia watu sikufundishwa.

Saa tatu kasoro tulikuwa kituo cha afya, Makambako. Daktari alifunga mguu kwa mbao na bendeji, akasema, "Baba, mfupa kama huu hapa hatuuwezi. Nakupa rufaa ya Njombe."

Nikakataa. Rufaa naijua. Nilishinda kesi ya shamba, mwenzangu akakata rufaa, nikamshinda tena. Rufaa ni ya aliyeshindwa. Halafu rufaa hukatwa, na pale cha kukatwa kilikuwa mguu wangu tu.

"Mimi sikati kitu!"

"Hii hukati, baba. Unapewa."

Mke wangu akacheka huku analia. "Pokea basi! Ugali umezoea kupewa, rufaa inakushinda nini?"

Nikapokea. Sasa gari la wagonjwa liko nje linanguruma, na daktari kasimama na simu. Anaeleza: mwanamume, mtu mzima, mguu wa kulia, kidonda wazi, damu imemtoka nyingi. Kundi langu la damu lilishapimwa, nalo akalitaja.

"Unaninadi kama ng'ombe?" nikamfokea. "Mimi natokwa damu, wewe unapiga soga!"

"Baba, naongea na wanaopanga safari za rufaa. Wanaulizia Njombe kama daktari wa mifupa yupo na chumba cha upasuaji kina nafasi. Kama hakuna, unapelekwa kwingine. Hatukupeleki kubahatisha."

Tulipoondoka, nyuma nilikaa na nesi Oliva. Mbele alikuwa dereva, Mkinga mmoja anaitwa Sanga. Nikamwambia akanyage mafuta.

"Mzee, Mkinga akikimbia ujue kaona biashara," akajibu. "Leo nimebeba mbao za mguu wako tu."

Barabara ile nimeipita maisha yangu yote nikiwa nimeshika usukani. Ukilala chali huoni kitu, kona unazihesabu kwa mgongo. Oliva alichora kwa kalamu kwenye bendeji pale damu ilipofikia, akaandika na saa. Kila mara ananiambia, "Babu, chezesha vidole."

Tulipofika Mtwango vidole vikagoma. Nilivituma, havikwenda. Oliva akavishika, akapiga simu Njombe kwa daktari yuleyule aliyekuwa ananisubiri. "Vimekuwa vya baridi, daktari... Cha juu?... Sawa." Akalegeza kifungo cha juu cha zile mbao. Nililia, siwafichi. Tulipokaribia mjini akaviminya tena.

"Vina joto! Babu, umenitisha wewe!"

Njombe mlango wa nyuma ulipofunguliwa, kitanda cha magurudumu kilikuwa pale pale kwenye baridi, na mama mmoja aliyevaa kijani.

"Kamwene, baba. Mguu wa kulia, sivyo? Damu yako iko tayari."

Nilidhani ni ndugu wa ukoo wetu, kwa namna alivyonijua. Mapokezi hatukusimama. Daktari wa mifupa alikuwa ananawa mikono.

Wiki ya nne nilirudi Makambako kwa magongo, miguu yangu yote miwili ninayo. Daktari aliyenipa rufaa aliniambia wazi kwamba bila simu ya Mtwango ningerudi na mmoja. Basi nilichojifunza ni hiki: gari la wagonjwa lisilotanguliwa na simu ni lori tu.

Na lori nilishawahi kuliendesha hivyo. Miaka ya nyuma nilimkimbiza hospitali mdogo wangu Enoki, tumbo limemkaza. Simu ninayo mfukoni, honi napiga njia nzima. Tulifika, wa kumpasua hayupo, wakaenda kumtafuta. Enoki akafia kwenye benchi. Msibani watu walinisifu kwa mwendo wangu, nami nikazipokea sifa.

Siku niliyoweza kupanda gari tena nilikwenda Kidugala kwa mjane wake. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Shemeji," nikamwambia, "siku ile sikumpigia mtu simu. Sikuuliza kama daktari yupo."

Hakuacha kupukuchua. "Najua, shemeji. Kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu. Wewe ulikuwa nje unawaonyesha watu injini ilivyochemka."

Kisha akanisogezea kiti.