Disketi za Binti Yangu Ziko Ndani ya Gunia la Simsim

Binti yangu anaposwa, na mimi mama yake mzazi nimezificha disketi zake za kompyuta ndani ya gunia la simsim! Hata yeye hajui. Haya, sasa nawasalimu, wasomaji wa ukurasa huu, wakubwa kwa wadogo. Jina langu lifichwe, na la binti pia. Hapa mwiteni Zaituni.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na kidogo. Kwetu ni Abuku, Koboko, lakini naishi Arua mjini, nauza simsim na karanga. Marehemu mume wangu alikuwa askari. Vita vya sabini na tisa vilipotufikia nilimfunga Zaituni mgongoni, bado ananyonya, tukavuka mpaka kuingia Zaire. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini tumbo langu limezaa kichwa! Waulizeni majirani.

Zaituni ameajiriwa katika ofisi moja hapa Arua, wanatengeneza programu za kompyuta. Alivyonieleza, programu hutengenezwa kwa programu nyingine kubwa, hiyo ndiyo karakana yao. Basi binti yangu akatunga nyongeza, yaani programu ndogo inayoingia ndani ya ile kubwa na kuifundisha kazi ambayo haikuijua. Ukibonyeza, maneno ya Kiingereza kwenye kitu unachotengeneza yanageuka Kiswahili, Kilugbara au Kikakwa. Na maneno ya Kikakwa alitoa nani? Mimi! Nimekaa barazani napepeta simsim, yeye ananiuliza, "Mama, kufuta tunasemaje? Na kuweka kitu kisipotee?" Tulibishana mpaka mbavu zikauma kwa kicheko.

Sasa kuna kijana wa ofisi hiyohiyo, tumwite Rashidi, amesomea Kampala. Siku zote alikuwa anampita Zaituni kama anapita nguzo ya umeme. Halafu akarudi safari na CD ya toleo jipya la ile programu kubwa. Toleo jipya likaikataa nyongeza ya Zaituni, ikabidi aitengeneze upya, na Rashidi akasema atamsaidia. Ndipo akaanza kuja kwangu na sukari mkononi.

"Salaam aleikum, Mama. Zaituni iko?"

"Ameenda sokoni."

"Na disketi zake za ile nyongeza, anaweka wapi?"

Jamani! Mwanaume anayemtaka msichana huuliza kama msichana ameshinda salama. Huyu anauliza disketi. Nikasema moyoni, hapa iko kitu. Lakini alipotuma watu kusema anataka kuja kuposa, nilipiga vigelegele kama kila mama. Nani hataki mkwe aliyesoma?

Baadaye Zaituni akanipeleka ofisini, genereta inaunguruma, nikaone kazi yake katika hilo toleo jipya. Kabla nyongeza haijafunguka, kinatokea kidirisha kidogo chenye jina la mtu aliyeitengeneza. Herufi za jina la Zaituni nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa kijiti, mchangani, kule Zaire. Pale hazikuwapo. Palikuwa na jina la Rashidi.

"Hii jina inafanya nini hapa?"

"Mama, haiko wizi. Yeye ndiye aliingiza toleo jipya, akaandika jina lake. Kila kitu tunatengeneza pale, linajiandika lenyewe."

"Basi lifute."

Akainamisha kichwa. "Rashidi anasema tungoje kwanza. Amepeleka nakala moja Kampala, wakubwa waione."

"Na hiyo ya Kampala iko na jina la nani?"

Akazima kompyuta. Nikamwita Rashidi mwenyewe. Akacheka, meno yote nje. "Mama, mimi na Zaituni tutakuwa kitu kimoja. Jina la bwana na jina la bibi, tofauti iko wapi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kwetu mtoto akizaliwa kabla mahari haijafika, huyo ni mtoto wa nyumba ya msichana. Nyongeza hiyo imezaliwa barazani kwangu."

Kicheko kikakauka. Siku ya pili akaja nyumbani kwangu. Anataka disketi za zamani, zile zenye jina la Zaituni, eti azisafishe, zina virusi. Virusi! Mbona havikuonekana siku zote? Nikamwambia sijui zilipo. Alipoondoka nilizitia ndani ya kopo la biskuti, nikalizika katikati ya gunia.

Shemeji yangu wa Abuku, baba mdogo wa Zaituni, alipopata habari alinicheka. "Shemeji, unataka na kompyuta ilipiwe mahari?" Kisha akawa mzito. "Lakini kama una neno, liseme siku ya posa, mbele ya wageni. Ukila nao, umelimeza." Na ni kweli. Kwetu, kabla watu hawajanawa mikono, wazee huuliza kama kuna mtu ana neno tumboni. Ukinyamaza hapo, hakuna wa kukusikiliza tena.

Nilipomdokeza Zaituni, alipiga magoti, akashika miguu yangu. "Mama, ukisema mbele ya watu nitakufa kwa aibu. Jina nitalipata nikitunga kitu kingine. Rashidi nitampata wapi?"

Maneno hayo yamenichoma kuliko wizi wenyewe. Labda kijana ni mwema na kosa ni la toleo jipya. Labda anamwoa binti yangu ili asiwepo wa kumdai. Nikimtazama usoni, siwezi kujua.

Nishaurini, wenzangu, nifanye nini? Nilifukue kopo niliweke mkekani mbele ya wazee, aibu na iwe aibu? Au nimkabidhi Rashidi mke na nyongeza yake, ninawe mikono, nile? Jibuni upesi. Mbuzi amekwisha fungwa nyuma ya nyumba, ndugu wa Abuku watalala kwangu Ijumaa, na watu wa Rashidi wanakuja Jumamosi hii, baada ya sala ya adhuhuri.