Atomi Iliyomponyoka Bibi Baridi

Bibi Baridi alijisifu, na sifa alikuwa nazo. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ni yeye aliyejaza heli ya majimaji kwenye mashine za chuo, kitu ambacho mbele yake barafu ni uji wa moto. Hakuna aliyewahi kumwambia rudia.

Asubuhi ile aliitwa na mtoto wa mdogo wake, binti aliyemlea mwenyewe, sasa mwanafunzi wa fizikia. Ndani ya mashine ya binti mlikuwa na kipande cha madini ya risasi, kimepozwa mpaka umeme unapita bila kuzuiwa na chochote. Juu yake zilikaa atomi mbili za chuma, kila moja sumaku ndogo, na sindano ya mashine ilizipima kwa karibu sana bila kuzigusa.

"Mama mkubwa, atomi ikiwa peke yake mchoro wa vipimo vyake huwa na kilima kimoja," binti alisema. "Hizi hazijagusana, lakini ona, vilima viwili. Nadhani zinasikiana kupitia hiyo risasi. Profesa anasema ni uchafu uliopo chini ya hii ya kushoto. Nisipomthibitishia leo, mashine anapewa mwingine."

"Na heli?"

"Inakwisha. Ikiisha, joto litaingia, atomi zitajiendea zake."

"Nikijaza?"

"Mashine itatikisika."

"Kumbe nimeitwa nichague shimo la kutumbukia."

"Mkono wa mtu mwingine nisingeuamini."

Maneno hayo yalimwingia. Akavaa glavu, akateremsha bomba taratibu kama anayemlaza mtoto mchanga. Moshi mweupe ukatambaa sakafuni. Kazi ilikuwa inaelekea mwisho bomba lilipokohoa, mara moja tu.

Binti akapiga picha upya. Atomi ya kulia haikuwepo.

"Iko wapi?"

"Sindano ya mashine imeshuka, imeing'oa."

Bibi Baridi aliketi juu ya sanduku la vifaa. Majivuno ya maisha mazima, halafu mwanawe ndiye wa kumharibia kazi.

"Sema neno, mwanangu. Hata la kunitukana."

Binti aliisafisha sindano, akaipima atomi iliyobaki, kama mtu anayefagia nyumba iliyokwisha kuungua. Mchoro ukapanda. Kilima kimoja. Akarudia. Kimoja.

"Uchafu ungekuwepo bado, na vilima vingebaki viwili," alisema. "Hii haijasogea hata kidogo. Kilichoondoka ni mwenzake."

Bibi Baridi alikodoa macho. Kitu kisichoonekana hata kwa miwani, kisichomgusa jirani yake, kimeondoka, na jirani kabadilika.

"Mpigie profesa."

"Akiuliza nani kaing'oa?"

"Mwambie mimi. Na umwambie sikuwa na nia hiyo, asije akataka nirudie."

Binti alichukua simu. Akakosea namba, akakosea tena, mpaka mama yake mkubwa akavua glavu na kumbonyezea.