Ua wa Ndabibi Umenyooka

Kabla ya jicho langu kuugua, ni barabara chache za vumbi kati ya Kuresoi na Naivasha ambazo sikuzipita na koleo begani. Mimi ni fundi wa ua wa seng'enge. Nikimaliza shamba moja, nahama. Mpaka leo nikikumbuka pareto ya Kuresoi ikiwa na maua, miguu inaniwasha kutaka safari. Na kazi yangu ilijulikana: nafunga jicho la kushoto, natazama kwa la kulia, nguzo zote zinajificha nyuma ya ile ya kwanza. Kamba ya kunyooshea niliwaachia wengine.

Asubuhi moja huko Ndabibi, nguzo za katikati zilionekana zimepinda. Nikamwambia mwenzangu Kiprono tuzing'oe, tukachimba upya. Mama mwenye shamba akaja, akashika kiuno.

"Boss, huu ni ua ama ni nyoka?"

Kiprono akanyoosha kamba, ikapita juu ya mashimo ya kwanza. Nguzo tulizong'oa ndizo zilizokuwa sawa. Nikamtazama Kiprono kwa jicho la kulia: katikati ya uso wake palikuwa na kitu kama moshi.

Mke wangu, Mama Wanja, alinipeleka kwa daktari wa macho Nakuru.

"Una kisukari," daktari akasema. "Mishipa midogo inavuja nyuma ya jicho. Retina, ile ngozi inayopokea mwanga, imevimba."

Kumbe kiu niliyosingizia jua la Ndabibi ilikuwa ugonjwa.

Kabla ya matibabu, shemeji yangu akaniletea chupa. "Ni majimaji ya seli shina. Yanaotesha jicho upya!" Nilitamani sana kumwamini. Lakini nilimpelekea daktari chupa ile kwanza.

"Utafiti upo kweli," akasema. "Seli shina, zile zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, hutoa vitu ambavyo huenda vikasaidia seli zilizoumia, na wanasayansi wanavijaribu kwa retina. Naomba wafaulu. Lakini hii chupa sijui ina nini. Ukingoja, jicho linaweza kupotea. Sindano ya kuzuia kuvuja tunayo."

"Ya mkono?"

"Ya jicho."

Mama Wanja akanicheka. "Wewe ulilala msituni na fisi, leo waogopa sindano!"

Walitia ganzi, wakashikilia kope kwa kichuma. Nilihisi kusukumwa, kisha vidoa vyeusi vikaelea. Sikutikisika. Nimerudia sindano hiyo mara kadhaa, nameza dawa za sukari, na chai nanywa chungu. Herufi ndogo bado zinatetemeka, lakini moshi umeondoka.

Nilirudi Ndabibi, nikaupanga ua ule upya kwa jicho lile lile. Mama mwenye shamba akavuta kamba mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

"Haya boss, funga waya."

Namshukuru Mungu, daktari, na mke wangu. Nao wanaochunguza zile seli nawaombea. Nawe ukipita Ndabibi, simama kwenye ule ua. Funga jicho moja, utazame. Kisha ulifungue, ufunge la pili. Ukiuona umepinda, usinilaumu. Nenda hospitali.