Daftari Lililobaki Kabatini

Nakumbuka Jumapili moja ya masika, mwanangu. Tulikuwa tumetoka ibadani, watu bado wanasalimiana mlangoni, nikamwona mama mmoja amesimama pembeni mwa uwanja wa kanisa, ushungi kichwani, kandambili mkononi kwa sababu ya tope. Alikuwa Bi Mwanahamisi, Mzigua, mjane, mkulima wa mahindi na mihogo, Mwislamu wa swala tano. Hakuwa mgeni kwetu. Sote tuliishi katika ile kambi ya zamani ya mkonge, upande wa Korogwe unaoelekea Segera. Babu zetu wengine waliletwa pale kuwa manamba, vibarua wa kukata mkonge, wakawakuta wenyeji, wakaoana nao, wakazikana. Kambini mtu hakuulizwa dini yake. Aliulizwa kama amekula.

Nikamwendea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwenu wenye kitabu."

Nilidhani anasema Biblia. Kumbe alitaka daftari letu la ubatizo na maziko, lile kubwa lenye jalada jeusi, lililoanzwa na wamisionari kabla hata baba yangu hajazaliwa. Mle mlikuwa na jina la kila mtoto aliyebatizwa, wazazi wake, na nyumba ya kambi waliyoishi.

Ngoja nikueleze kwa nini alilihitaji. Mkonge ulikuwa umekufa siku nyingi, mashine zimeshika kutu, nasi tukawa tunalima na kuishi pale pale. Kisha akaja bwana mmoja aliyepewa shamba lile, naye akasema sisi ni wavamizi tuliohamia juzi. Maofisa walikuwa waje Jumanne, kwenye ghala la zamani la singa za mkonge, kusikiliza pande zote mbili.

"Sisi msikitini tunazikana kwa kumbukumbu za vichwani," alisema Bi Mwanahamisi, "na kichwa cha maskini hakiaminiwi. Lakini ninyi mmeandika. Jirani yangu akiwa ameandikwa, nami nimeandikwa. Njoo nalo Jumanne, baba. Useme tu kwamba tulikuwepo."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, katibu wa wazee wa kanisa, na ufunguo wa kabati la daftari niliuvaa shingoni. Nikamjibu bila kusita, "Nitakuja nalo, mama." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Alasiri ile wazee waliketi. Mchungaji alikuja kwetu mara moja kwa mwezi, na mwinjilisti wetu, Mzee Elisha, alikuwa amepanda mlimani Lutindi kwenye msiba wa dada yake. Nikaeleza ombi la yule mama. Mwenyekiti akakohoa. Akasema yule bwana wa shamba amemwita wiki iliyopita, amemwambia kiwanja cha kanisa hakitaguswa, tena ataleta mabati ya paa zima. Nawe ungeliona paa letu la makuti, mwanangu! Mvua ikinyesha tulihamisha mabenchi kama watu wanaokimbia nyuki.

"Mambo ya ardhi yana wenyewe," mwenyekiti akasema. "Kanisa lisiingizwe kwenye siasa. Sisi tutawaombea."

Wote wakaitikia amina. Husemwa kuwa penye wazee hapaharibiki neno. Pale walikuwepo wazee sita, na neno likaharibika mchana kweupe. Nami niliyeahidi, niliyekuwa na ufunguo, niliandika kwenye kumbukumbu za kikao: *Imekubaliwa tuombe.* Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku ile. Haukutetemeka hata kidogo.

Jumanne nilikwenda ghalani mikono mitupu. Kwa nini nilikwenda, mpaka leo sijui. Labda nilitaka kuona jambo linakwisha bila mimi. Watu wa kambi walijaa, Waislamu na Wakristo, kina mama wameketi chini na watoto wao. Ofisa hakuwa mkali. Alikuwa kijana mpole, akauliza, "Kuna mwenye maandishi yoyote?" Akauliza tena. Bi Mwanahamisi akainuka.

"Katibu wa kanisa analo daftari."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasimama. Nilisikia ulimi umekauka kama gamba, nikasema, "Daftari letu ni la mambo ya kiroho."

Basi. Maneno saba tu. Yule ofisa alinitazama kidogo, kama anayengoja niendelee, kisha akafunga faili lake. Bi Mwanahamisi hakunitukana. Aliketi polepole, akavuta ushungi ukamfunika uso, nami nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mzee Elisha alirudi Jumatano. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mwenye mguu mbovu kwa ajali ya mkongeni. Alinikuta nafagia kanisa, akaketi benchi la mbele, hakuitikia hata salamu yangu.

"Yoeli," alisema, "ni nani aliyekuambia kwamba kuzaliwa kwa mtu na kuzikwa kwake si mambo ya kiroho? Basi tunabatiza nini? Mmesema mtawaombea. Mtamwambia nini Mungu, ambacho mmekataa kumwambia ofisa?"

Nikaanza kulia. Akasema, "Kulia utalia baadaye. Chukua daftari, twende."

Alhamisi asubuhi tulipanda basi kwenda mjini, yeye na mguu wake, mimi na daftari limefungwa kwenye kitambaa cha meza. Tuliketi nje ya ofisi mpaka adhuhuri. Yule kijana mpole alilifungua, akapitisha kidole kwenye majina, ukurasa hata ukurasa, mpaka uso wake ukabadilika.

"Mbona hukulileta juzi?" akaniuliza. "Taarifa imekwisha kwenda juu. Mimi sina tena la kufanya."

Tuliandika barua, tukagonga milango mingine miwili. Maji yakimwagika hayazoleki. Wiki iliyofuata trekta liliingia kambini. Sitakusimulia yote. Niliona mtu anabeba mlango wa nyumba yake kichwani, mlango peke yake, hana pa kuutia. Lilipofika makaburini halikusimama, likalima. Mle alilala mama yake Bi Mwanahamisi, na mle walilala babu yangu na bibi yangu. Mwenyekiti wetu alikimbia mbele ya trekta akipunga kofia, akipiga kelele kwamba pale pana Wakristo. Dereva alimpita.

Mabati yalikuja, mwanangu. Tukaezeka. Lakini waliokuwa wakija kuabudu waliishi kambini kama wengine, nao walikwisha kutawanyika, wengine Segera kuuza machungwa kando ya barabara, wengine Handeni kwa ndugu. Kabla ya mwaka kwisha tulibaki watu kumi na wawili chini ya paa jipya. Mzee Elisha alihubiri miezi michache, kisha akafa. Nadhani moyo ndio uliomtangulia.

Mimi nilikaa miaka mitatu kabla ya kupata ujasiri wa kumtafuta Bi Mwanahamisi. Nilimkuta Handeni, kwa mtoto wa kaka yake, mahali pakavu ambapo maji hufuatwa kwa mwendo wa nusu siku. Alikuwa amekonda. Alinipa maji ya kunywa, maji yale ya taabu, kikombe kizima. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi.

"Mimi nimekusamehe tangu siku ile ile," akasema. "Niliona ulivyoogopa. Lakini, baba, mimi si kambi. Msamaha wa kambi siwezi kukupa, na wa kukupa hawapo tena."

Nikarudi Korogwe na maneno hayo. Sasa nina mvi, na bado sijapata pa kuyatua.

Nakueleza haya kwa sababu mwezi uliopita nilisikia kijiji cha pili kimeanza kuambiwa maneno yale yale, kwamba ni wavamizi. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa wa leo, vijana kwangu, wenye simu na elimu. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akasema, "Mzee, hiyo ni siasa. Tutaliweka kwenye maombi." Nilitembea kurudi nyumbani nikiona giza machoni na jua liko utosini. Nimeishi miaka yote hii kumbe kosa langu halijamfundisha mtu. Usinitake nikuambie kwamba mambo yatakuwa mazuri. Sijui.

Lakini wewe bado una miguu, kwa hiyo sikiliza. Siku usharika wako utakapoletewa kilio, msianze kwa kuuliza kama ni siasa. Ulizeni kama ni kweli. Nendeni mkaone kwa macho yenu, mkae na wenye kilio wawaambie wanataka nini, maana wao ndio wanaojua. Andikeni mnayoyajua, myapeleke kabla ya mkutano, si baada yake. Msimtume mtu mmoja. Mmoja huogopa, kama nilivyoogopa mimi. Nendeni kumi, mkamchukue na shekhe, kwa maana njaa ya Mwislamu na ya Mkristo hulia sauti moja. Na anayewaletea zawadi wakati jirani yenu ana kesi naye, mwambieni asubiri. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Ombeni, naam, ombeni sana, kisha inukeni magotini mwende. Na kama wazee wako wamenyamaza, nawe ni mdogo kuliko wote chumbani, sema wewe. Wakikufukuza kikaoni, umefukuzwa kikaoni tu.

Mungu akupe ulimi usiokauka siku ya kuulizwa. Akupe wenzako wa kusimama nawe, na jirani zako wakutaje kwa heri mahali usipokuwepo. Uzeeke ukiwa na usingizi, mwanangu. Amina.