Kisahani Alichochaguliwa Nerima

Mtaa mzima wa Kaloleni, Nairobi, ulivijua vidole vya Muhiba. Ukimpelekea kitambaa hakuuliza umekinunua wapi. Alikipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akakivuta kidogo, akakiachia, kisha akakwambia kama kitachuja, kama kitalegea magotini, kama muuzaji amekupiga changa la macho. Alikuwa ameshona kwa miaka ishirini na mitatu kwenye baraza ya nyumba ile ile ambayo babu yake, mtu wa Mombasa, alipangishwa alipokuja kufanya kazi ya reli. Watu walimwita Mama Hayat, kwa jina la bintiye, na walimwamini kuliko walivyoyaamini macho yao wenyewe.

Mchezo wa gofu ya visahani aliuanza akiwa na miaka arobaini na minne, baada ya daktari kumwambia kwamba presha yake haipendi kiti cha cherehani. Jirani yake Elsie, mwalimu mstaafu wa michezo, ndiye aliyemvuta. Kila Jumamosi asubuhi Elsie alikusanya watu kwenye uwanja ulio karibu na ukumbi wa mtaa. Walichotupa kilikuwa kisahani cha plastiki, ngumu kiasi, na walikilenga kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Aliyekiingiza kwa mitupo michache zaidi ndiye mshindi. Vikapu tisa walichomelewa na Kiilu, fundi wa Kariobangi, kwa mabomba ya zamani na minyororo ya mageti. Muhiba alikuja na dera lake na raba nyeupe, akacheka wee alipotupa mara ya kwanza na kisahani kikamgeukia kama kuku aliyetishwa. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na mwanamke wa kumshinda pale uwanjani.

Vidole vyake vilimsaidia hata huko. Visahani viwili vinaweza kuwa na jina moja, uzito mmoja, hata rangi moja, na bado visiruke sawa. Ukingoni kuna mstari mwembamba, mahali plastiki ya juu inapokutana na ya chini. Muhiba aliuita mshono. Mshono ukikaa chini, kisahani ni kitiifu. Mtu mwenye mkono mpole anakitupa kwa raha zake, kinanyooka, kinaegemea kulia kidogo, kisha kinatua bila haraka. Mshono ukiwa juu, kisahani ni kikaidi. Kinataka mkono wa nguvu, na kisipoupata kinaangukia kushoto kabla ya kufika popote. Tofauti yenyewe ni unene wa ukucha. Wengine hawakuiona. Muhiba aliisikia kwa ukucha wa kidole gumba, macho yakiwa kwingine.

Nerima alikuja barazani kushonewa sare ya kwaya. Alikuwa mrefu, mtulivu, na alikaa Mukuru kwa Reuben na wanawe. Siku alizopata kibarua alipakia sabuni kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area. Walipatana tangu siku ya vipimo. Nerima alikuwa akipita Jumamosi kusalimia tu, na Jumamosi moja Muhiba akamwambia, "Wewe, hebu funga viatu twende uwanjani. Mikono hiyo mirefu Mungu hakukupa ya kubeba makatoni peke yake."

Alijifunza upesi kuliko mtu yeyote. Hakuwa na nguvu, ila alikuwa na utaratibu. Kila mtupo ulifanana na uliotangulia. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa mpole, Elsie alimshauri asihangaike na visahani vya masafa marefu, vyembamba na vikali. Atumie puta, kile kisahani kinene ambacho wengine hukiweka kwa ajili ya mtupo wa mwisho kikapuni. Puta tiifu, Elsie alisema, ikizoeshwa vizuri, inaweza kumbeba kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwezi wake wa saba uwanjani, Nerima alimshinda Muhiba kwa mtupo mmoja. Watu walipiga makofi. Muhiba naye alipiga, akamkumbatia, akasema, "Mwanafunzi wangu huyo!" Alirudi nyumbani akakosea mikono miwili ya blauzi, akaifumua, akaikosea tena. Hakujua kama ni wivu. Alijiambia ni uchovu.

Jumamosi iliyofuata Elsie alifika na boksi la visahani, zawadi ya rafiki zake wa ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na puta mbili za aina moja, moja ya rangi ya chungwa na moja ya samawati. Mashindano ya wanawake wa Nairobi yalikuwa baada ya miezi mitano, na wawili wa kwanza wangepelekwa kushindana Kampala. Elsie akasema, "Mama Hayat, zigaweni wewe na Nerima. Wewe ndiye mwenye vidole."

Muhiba alizishika zote mbili. Hakuhitaji hata kuhesabu hadi tatu. Ya chungwa ilikuwa laini, imebonyea vizuri katikati, mshono wake uko chini kabisa. Ya samawati ilikuwa ngumu kama kifuniko cha debe, na mshono wake ulikuwa juu. Kisahani cha chungwa kilikuwa cha Nerima. Mkono wake ulikihitaji. Muhiba, mwenye bega la kubeba cherehani na kuinua magunia ya vitambaa, angeweza kukitumia chochote kati ya hivyo.

Nerima alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, akingoja.

"Dada, kipi chema?"

"Chukua hiki cha samawati," Muhiba akasema. "Hiki ndicho kitiifu. Ni kigumu kwa sababu ni kipya, lakini ukikizoesha kitakuwa kama siagi."

"Na wewe?"

"Mimi nitavumilia na hiki."

Nerima alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea sahani ya chakula ugenini. "Asante sana, dada. Ungeweza kujichukulia mwenyewe."

Maneno hayo yalimwingia Muhiba kama sindano chini ya ukucha. Bado alikuwa na nafasi. Angeweza kucheka na kusema, aa, ngoja, nimechanganya. Lakini Elsie alikuwa ameshaanza kupanga watu, na Muhiba akaondoka na kisahani cha chungwa mkobani.

Kuzoesha kisahani hakuna siri. Unakitupa. Kinagonga miti, kinaparuza udongo wa murram, ukingo unakwaruzika, plastiki inalegea, na siku baada ya siku kinaacha ukaidi wake. Kilicho kitiifu tangu mwanzo huchukua wiki chache. Kile cha samawati kingechukua miaka miwili, na kwa mkono wa mtu mwenye nguvu. Nerima hakulijua hilo. Alikibeba hadi kazini. Saa ya chakula wenzake walipokaa kivulini yeye alikitupa kwenye ua wa nyuma, mara hamsini, mara sitini, akikilenga kwenye tairi lililoegemea ukuta. Jumapili baada ya ibada alikitupa tena. Na kila mara kilifanya yale yale: kilitoka vizuri, kikafika nusu ya njia, kikainama kushoto na kuanguka.

Baada ya miezi miwili alikuja barazani akiwa amekishika kifuani.

"Dada Muhiba, mimi nakosea wapi? Hiki kitu hakinisikii."

Muhiba alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. Hakuinua macho. "Bado kipya."

"Nimekitupa mpaka kimechubuka chote. Ona."

"Basi ongeza nguvu. Mkono wako unabembeleza mno. Kitupe kama umekasirika."

Nerima akacheka. "Nikasirikie nani sasa?"

Lile la kwanza Muhiba angeweza kuliita tamaa ya dakika moja. Hili la pili hakuwahi kulipatia jina. Alikuwa na miezi miwili ya kufikiri, na rafiki yake alikuwa amesimama mbele yake akimuuliza ukweli ana kwa ana, naye akamtuma kuongeza nguvu.

Nerima aliongeza. Utaratibu wake mzuri ukavurugika. Akaanza kujirusha mwili mzima, bega likitangulia. Elsie aliona akamwonya. Nerima akajibu kwamba dada Muhiba ndiye aliyemshauri, na Elsie, kama kila mtu, akanyamaza mbele ya jina hilo.

Wiki tatu kabla ya mashindano, Jumamosi yenye jua kali, Nerima alisimama kwenye njia ya kikapu cha sita, iliyo ndefu kuliko zote, akavuta mkono na kuukunjua kwa nguvu zake zote. Muhiba alikuwa hatua nne nyuma yake. Alisikia sauti ndogo, kama uzi mnene unaokatika. Kisahani kilianguka karibu. Nerima alikaa chini pale pale kwenye nyasi, akashika bega la kulia, akasema taratibu, "Dada, mkono umeenda."

Kwenye zahanati waliambiwa kano ya bega imechanika. Daktari aliuliza kazi yake, na aliposikia habari za makatoni akatikisa kichwa, akasema huenda bega lilikuwa limeanza kuchoka zamani. Muhiba aliyakumbatia maneno hayo njia nzima ya kurudi. Ni makatoni. Daktari amesema ni makatoni. Hata hivyo, alijua Nerima amebeba makatoni mwaka mzima na bega likiwa zima.

Kibarua hakingoji mgonjwa. Baada ya siku kumi nafasi yake kwenye mstari wa kupakia ilikuwa na mtu mwingine.

Muhiba alikwenda kwenye mashindano, akawa wa pili. Alikwenda Kampala. Kisahani cha chungwa kilikuwa kimezoea mkono wake kabisa. Kilielea, kikaegemea kulia pale alipotaka, kikashuka kando ya vikapu kwa adabu. Watu wasiomjua walimpongeza. Usiku hotelini mwenzake wa chumba alimuuliza mbona hana furaha, akasema chakula hakikumkalia vizuri.

Aliporudi alikaa siku mbili. Siku ya tatu, asubuhi, alifunga baraza, akatia kisahani cha chungwa mkobani na kutembea hadi Mukuru kwa Reuben. Alimkuta Nerima nje ya mlango wake akichambua mboga za kuuza, mkono wa kulia umetulia mapajani, wa kushoto ukifanya kazi yote polepole.

"Karibu, dada! Kampala je? Nilisikia umetuletea medali."

Muhiba hakukaa. Alijua akikaa atakunywa chai, na akinywa chai hatasema. "Nerima, vile visahani. Siku ile ya boksi. Kitiifu kilikuwa hiki." Akakitoa. "Nilijua. Nilikishika nikajua papo hapo, nikakupa kile kingine."

Nerima alitazama kisahani, kisha akamtazama yeye. Mboga ilibaki mkononi.

"Ulichanganya?"

"Sikuchanganya."

"Na siku ile nilipokuja kwako nikakuuliza nakosea wapi?"

"Nilijua pia."

"Ukaniambia niongeze nguvu."

Mama mmoja alipita na ndoo ya maji akawasalimu, na wote wawili wakaitikia kama watu wasio na jambo.

"Ungeniambia tu unakitaka," Nerima akasema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Ningekuachia. Si wewe ndiye uliyenipeleka uwanjani? Hata mimi nilikuwa na mikono siku hiyo, dada. Ningeweza kuvibonyeza mwenyewe. Sikubonyeza kwa sababu ulikuwa wewe."

"Nisamehe."

"Nimesikia."

"Chukua hiki, tafadhali."

"Cha nini?" Nerima akauliza, na lilikuwa swali la kweli. Akainua mkono wa kulia kuonyesha. Ulifika usawa wa kifua, ukakoma. "Rudi nacho, Mama Hayat. Mimi nina mboga."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Ndivyo wateja walivyomwita.

Muhiba aliwaambia ukweli Elsie na watu wa uwanjani Jumamosi iliyofuata, akiwa amesimama. Wengine waligeuza nyuso. Elsie alisema amefanya vyema kusema, lakini hakumpa tena boksi la kugawa, na Muhiba hakulitarajia. Aliwatafuta watu wa kumsaidia Nerima kupata mazoezi ya bega hospitalini. Nerima alikwenda mara tatu, akashukuru kupitia kwa Elsie, kisha akaacha. Desemba alirudi kwao upande wa Webuye na wanawe. Hakuja kuaga. Elsie ndiye aliyemwambia Muhiba, tena siku nne baadaye, na kwa kudokeza tu, akidhani tayari Muhiba anajua.

Sasa Muhiba humpigia simu kila baada ya mwezi. Mara mbili kati ya tatu Nerima hupokea. Humsalimia vizuri, humuuliza habari za Hayat na presha, na humweleza mvua imefika wapi na mahindi yamefika wapi. Sauti yake haina chuki hata kidogo, na Muhiba husikiliza kwa makini akiitafuta, kwa sababu chuki wangeweza kuizungumza.

Mara ya mwisho alithubutu kuuliza bega linaendeleaje.

"Kulima silimi sana," Nerima alisema. "Nywele za msichana wangu husukwa na shangazi yake. Mengine yanaendelea."

Kisha akasema kuna ng'ombe ameingia shambani, anaomba radhi, wataongea siku nyingine. Muhiba akasema haya, Mungu akulinde. Barazani palikuwa na rundo la sare za shule za Januari, na mama mmoja alikuwa amekuja na kitambaa cha kijani, amekishika mkononi, akimngoja amwambie kama ni kizuri.